Ushuhuda uliokatizwa kwa pambio

Nilimwambia anijazie injili za Kizungu. Zile za taratibu, nikasema, za kulalia. Kijana wa kibanda cha kujaza nyimbo pale karibu na Makoroboi, mjini Mwanza, akaitikia kwa kichwa bila kunitazama, akachomeka memori kadi yangu, akaburuta mafolda mawili matatu, akanirudishia pamoja na chenji. Ilikuwa mwanzoni mwa 2010. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, sina kazi zaidi ya kuchota maji na kugombana na wadogo zangu.

Usiku nikavaa iafoni kitandani, nyumbani kwetu Igogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kinanda. Nilichopata ni gitaa kama lori la mabati linalomwagwa mlimani, na juu yake mwanaume analia kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisikia msibani tu. Nikang'oa iafoni. Nikatazama mlango, kana kwamba mama angesikia. Halafu nikairudisha sikioni.

Folda iliandikwa RED. Nyimbo kumi. Nilidhani ni jina la mwenye kompyuta, maana vibandani kila mtu ana jina la rangi au la mchezaji mpira. Kesho yake nilishuka mlima nikiwa na nia ya kwenda kumdai nyimbo zangu. Nikafika mpaka barabarani, nikasubiri daladala, nikiwa bado nasikiliza. Nikarudi nyumbani.

Ilinichukua miezi kujua kile nilichokuwa nakisikiliza, kwenye intaneti kafe moja mjini ambako nilikuwa nalipia nusu saa nusu saa. Kumbe kijana hakunidanganya. Ni injili, na ni ya Kizungu. Albamu inaitwa Innocence & Instinct, ya bendi ya Red kutoka Nashville, jimbo la Tennessee, Marekani. Ilitoka tarehe 10 Februari 2009 chini ya Essential Records, lebo ya muziki wa Kikristo. Mwimbaji ni Michael Barnes. Gitaa na besi zimeshikwa na mapacha, Anthony na Randy Armstrong. Gitaa jingine ni la Jasen Rauch. Prodyuza ni Rob Graves, ambaye ndiye aliyesimamia pia albamu yao ya kwanza, End of Silence ya 2006, iliyofika mpaka kuteuliwa kuwania Grammy.

Jina la albamu ukilileta kwenye Kiswahili linakupa tabu. Instinct ni silika, hapo hakuna ubishi. Innocence ndiyo inayosumbua. Kutokuwa na hatia ni lugha ya mahakamani. Utoto ni kidogo mno. Mimi huwa nasema ni ile hali ya mtu kabla hajajifahamu. Nyimbo zote kumi ni ugomvi wa hao wawili ndani ya kifua kimoja, na albamu haijifanyi kwamba yule mwema ndiye anayeshinda. Hata jina la wimbo wa kwanza, Fight Inside, linakuambia vita viko ndani. Hutamsikia Yesu akitajwa kila ubeti. Unamsikia mtu anayemtafuta, tena kwa hasira.

Na muziki wenyewe: magitaa yameshushwa tuni mpaka yanakoroma, halafu juu yake, mahali ambapo hukutegemea, zinaingia vayolini na chelo. Barnes ananong'ona, anaimba, kisha anapasua koo. Kwa mtu aliyelelewa na kwaya za Kanda ya Ziwa hili lilikuwa jambo geni kwa namna ambayo nimekuja kuielewa ukubwani. Kwaya zetu zinaweka huzuni kwenye maneno na furaha kwenye gitaa. Ajali ikitokea, mafuriko yakija, kiongozi akifa, kanda inatoka. Maneno yake yanakuliza, lakini solo linatiririka juu huko, rizimu inachekacheka, na kina mama wanatoka mstari kucheza. Nimecheza nyimbo za vifo mimi, na leso kichwani, nikitabasamu. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba sikuwa nimewahi kusikia wimbo wa Mkristo ambao gitaa lenyewe limefiwa.

Sasa, mji wetu unaitwa Rock City. Kila mtu anaita hivyo, hata makonda. Ni kwa ajili ya mawe haya, yale ya Bismarck pale majini na haya ya kwetu Igogo na Bugarika yaliyobebana mabegani, nyumba zimejibana katikati yake kama mbuzi wanaokwepa mvua. Roki ya muziki hatuna habari nayo. Kwa hiyo nilipojua kwamba albamu inayohesabiwa na wengi kuwa ya kwanza kabisa ya roki ya Kikristo, ya Mmarekani Larry Norman, mwaka 1969, inaitwa Upon This Rock, nilicheka peke yangu pale kafe mpaka mwenye kafe akaja kuangalia naangalia nini. Juu ya mwamba huu. Mathayo 16. Hata wao walianza na mchezo wa maneno.

Kanisani haikuwa mchezo. Mwaka ule ule tulipata semina ya vijana, na mwalimu mgeni akatufundisha kwamba roki ina mapigo maalumu ya kuita mapepo, na kwamba ukiicheza kinyumenyume unasikia jina la mwovu. Tukaambiwa kila mwenye muziki wa dunia aulete Jumapili uchomwe. Walioleta walileta, zilichomwa hasa kanda za bongo fleva na kalenda moja ya mcheza sinema wa Kihindi. Memori kadi yangu ilikuwa ndani ya jalada la Tenzi za Rohoni, mkononi mwangu, muda wote ninaimba. Sioni fahari kulisema hilo, ila sioni aibu pia. Naliweka hapa kama lilivyokuwa.

Kuna mtu mmoja inabidi nimlete kwenye habari hii, kwa sababu bila yeye ningekuwa nimeipenda albamu hii miezi sita na kuisahau kama nilivyosahau nyingine.

Bamdogo wangu, mdogo wake marehemu baba, ana chumba uani kwetu tangu nikiwa mdogo. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo ananiita mama, na mimi namwamkia shikamoo kila asubuhi kama kawaida, heshima inaenda na kurudi. Zamani alikuwa mpiga dramu wa kwaya. Watu wa rika lake wanasema alikuwa hatari, kwamba kwaya nyingine zilikuwa zinakuja kumkodisha kwa siri wakienda kurekodi. Mimi sikuwahi kumsikia. Aliacha Mei 1996.

Kwa watu wa ziwa sihitaji kueleza tarehe, lakini kuna wasomaji wa mbali. Meli ya MV Bukoba iliundwa 1979 na ilikuwa ikienda na kurudi kati ya Bukoba na Mwanza, ikipitia Kemondo. Iliruhusiwa abiria 430. Ilizama asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu haitakaa itimie kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Waliozikwa pamoja wako Igoma. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Bamdogo alikuwa anatoka kuwaona wakwe zake watarajiwa Bukoba. Harusi haikuwahi kufungwa, na hilo nalo hakuna anayeliuliza.

Alitoka hai.

Miaka kumi baadaye tarehe 21 Mei iliangukia Jumapili. Kanisani kwetu, na silitaji kwa sababu wahusika wengine wapo na tunasalimiana, mzee wa zamu akasema kwamba kwa kuwa leo ni siku ile, tungependa kusikia ushuhuda wa ndugu yetu ambaye Bwana alimtoa majini. Bamdogo hakuwa ameombwa kabla. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona mgongo wake ukinyooka. Akasimama, akapewa maiki.

Alizungumza taratibu. Alisema meli ililala upande, ikageuka, na yeye alijikuta amepanda juu ya tumbo lake pamoja na watu wengine, hajui alipandaje. Jua lilikuwa limetoka. Alisema maji yalikuwa yametulia, hilo lilimshangaza kuliko yote, kwamba maji yalitulia. Halafu akasema: chini ya miguu yetu watu walikuwa wanagonga. Wako ndani, kuna hewa imebaki, wanagonga bati. Sisi tumesimama juu yao. Tukagonga na sisi, kuwaambia tumewasikia. Walikuja wa kuokoa, ikatobolewa tundu ili watolewe, na hewa ikaanza kutoka. Ikalia kama filimbi. Meli ikaanza kwenda.

Kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia pazia.

Akasema, "Nimemuuliza Mungu miaka kumi kwa nini mimi nilikuwa juu na wao chini. Hajanijibu. Na mimi—"

Hapo mzee wa zamu akachukua maiki ya pili. Bwana asifiweee! Kanisa likashtuka, likaitika. Tena, Bwana asifiwe! Mungu alimtoa ndugu yetu, hatuna budi kushangilia! Kinanda kikapanda, mtu akaanzisha pambio, makofi, vigelegele. Bamdogo alikuwa bado amesimama, mdomo umefunguka kwenye ile "na mimi". Alibaki hivyo kwa ubeti mzima. Kisha akamkabidhi maiki mtoto aliyekuwa karibu, akakaa.

Nimejiuliza mara nyingi kama mzee yule alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Aliogopa. Ushuhuda kwetu una umbo lake, kila aliyekulia kanisani analijua: nilikuwa gizani, Bwana akanitoa, haleluya, kiti. Ukisimama na kile ambacho hakijafika kwenye haleluya, umewaachia watu mzigo bila kata ya kuubebea. Kwa hiyo wakakusaidia kufika. Wakakuimbia mwisho ambao huna.

Hakutoa ushuhuda tena. Dramu hakurudia pia. Mama husema ni bega, liliumia siku ile na halikupona sawasawa. Sidhani kama ni bega.

Kwa hiyo miaka minne baadaye, nimelala, kijana wa Makoroboi amekosea folda au hakukosea, na sikioni mwangu yuko mtu anayesema mambo yake kwa Mungu na hakuna anayemkatiza. Unaelewa kwa nini nilirudisha iafoni. Mimi mwenyewe sikuelewa wakati ule.

Albamu hii imejengwa juu ya giza kwa makusudi. Waliotunga walikuwa wanaangalia Kuzimu ya Mtaliano Dante Alighieri, shairi la karne ya 14, na toleo la nyongeza la albamu linaanza na utangulizi uitwao Canto III, yaani wimbo wa tatu wa shairi hilo. Nililitafuta, nikalisoma kwa Kiingereza cha kamusi. Wimbo wa tatu ndipo Dante anapofika kwenye lango la kuzimu, lile lenye maandishi yanayomtaka kila anayeingia aache matumaini yote. Ndani ya lango anakutana kwanza na umati wa watu ambao duniani hawakuwa wema wala wabaya, hawakuchagua upande. Wanakimbizana na bendera huku nyigu wakiwauma. Halafu anafika mtoni. Na mtoni kuna mzee wa kivuko.

Ningekuwa mtu wa Dodoma pengine ningepita. Lakini mzee mwenye macho ya moto, anavusha roho kwenda ng'ambo, anayechelewa anapigwa kasia mgongoni! Sisi tumekaa foleni ya Kamanga. Tumekaa foleni ya Kigongo kabla ya daraja, juani, kuku miguuni, tukihesabu malori yaliyotutangulia. Kivuko kwetu ni kitu unachoapa nacho na kukitukana siku moja. Ndugu zetu wengi wako Ukerewe, na hata bamdogo alipokataa kabisa maji ya Mwanza hadi Nansio akazunguka kwa basi kupitia Bunda siku tulipokwenda kumzika bibi, bado pale Kisorya palikuwa na kivuko kinamsubiri, maana kisiwa ni kisiwa. Alivuka amefumba macho, ameshika chuma kwa mikono miwili. Nilikuwa kando yake. Sikujua kama anaomba.

Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara. Walikufa watu 228. Baada ya kama siku mbili wapiga mbizi wakamtoa fundi mitambo mmoja, mzima, alikuwa kwenye hewa iliyobaki ndani. Redio ilipotangaza, mama alipiga kigelegele. Bamdogo aliinuka, akatoka nje, akakaa juu ya jiwe mpaka usiku. Tulimpelekea chakula kule kule.

Kuna Zaburi ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa. Ya 88. Inahesabiwa kuwa ya Hemani, Mwezrahi, wa wana wa Kora. Zaburi za maombolezo ni nyingi, lakini nyingi zina mahali zinapogeuka: mwenye kulia anakumbuka, anashukuru, anaahidi kuimba. Hii haigeuki. Mtu yuko shimoni, mawimbi yamempita juu, anaita tangu asubuhi, rafiki zake wameondolewa, na neno linalofunga Zaburi ni giza. Basi. Hakuna pambio. Waliokusanya Biblia waliiona ilivyo, wakaiacha, hawakumwongezea Hemani ubeti wa kumsaidia kufika.

Nadhani Red wanakaa kwenye ile Zaburi nyimbo karibu zote kumi. Death of Me, Shadows, Confession, hata majina yenyewe hayajajipaka mafuta. Ukisikiliza Confession, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, unasikia mtu anayeungama bila kuwa na uhakika kama kuna anayesikiliza upande wa pili wa dirisha. Wimbo wa mwisho, Take It All Away, ni wa kuomba uondolewe vyote. Ukiisha hujui kama ameondolewa. Unabaki na sauti ya chumba chako.

Nisiisifie kupita kiasi. Albamu imesafishwa mno. Kila kelele imepigwa pasi. Mtu analia lakini studio imekunjwa vizuri, na kuna siku natamani waya mmoja ukatike nisikie pumzi. Halafu kuna zile nyimbo laini walizoziweka kwa ajili ya redio. Never Be the Same nairuka. Inaweza kuwa inaimbwa kwa Mungu, inaweza kuwa inaimbwa kwa msichana wa mtaa wa pili, na mtunzi anaonekana kufurahia kwamba hujui. Wenzangu wanaita huo ujanja wa kufika kwa wasioamini. Mimi naona ni kutafuta wateja, na hamna ubaya, ila usinilize.

Ordinary World ni habari nyingine. Huo si wao. Ni wa Duran Duran, Waingereza, wa miaka ya mwanzo ya 1990, na Simon Le Bon aliuandika kwa ajili ya rafiki yake aliyefariki. Hauna Mungu ndani. Unahusu mtu anayejaribu kurudi kwenye siku za kawaida baada ya msiba, kuwasha taa, kuwasha redio. Red wakauchukua na kuuweka katikati ya albamu ya Kikristo bila kuubatiza. Nilipojua hilo, heshima yangu kwao ilipanda zaidi ya kwa wimbo wowote waliotunga wenyewe.

Na yapo ya mpiga dramu. Mwaka 2007, bendi ikiwa safarini, walipata ajali ya gari. Mpiga dramu wao, Hayden Lamb, aliumia. Alijaribu kurudi kwenye kiti, mwili ukakataa, na 2008 akatoka kwenye bendi. Nafasi yake ikachukuliwa na Joe Rickard. Albamu ya giza ikatoka mwaka uliofuata. Niliposoma hivyo pale kafe nililipia nusu saa nyingine, nikasoma tena.

Nilikaa na albamu hii miaka kumi na tano bila kumwambia bamdogo. Si kwa kuogopa. Ilikuwa kama kumwonyesha mtu picha yake aliyopigwa bila kujua.

Agosti 2025 nilikuwa nyumbani kwa likizo. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa limefunguliwa Juni, kama kilomita 3 za zege juu ya maji, na bamdogo alikuwa amelivuka kwa basi kwenda Sengerema kwa sababu ambayo hakuna mwenye habari nayo. Tunadhani alikwenda kulivuka tu. Alirudi na mananasi mawili. Jioni nilimkuta barazani. Ana kiti chake cha plastiki, na tangu nimzoee kiti hicho kinatazama jiwe. Nyuma yake ziwa lote limetandazwa, bandari, Kamanga ng'ambo, wageni wetu husimama hapo kupiga picha. Yeye anatazama jiwe. Hapakuwa na mwezi, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa wametoka, taa zao zimeanza kuonekana mbali mbali. Mwezi ukiwa mkubwa hawatoki, dagaa hawaifuati taa. Wao giza ndiyo msimu.

"Bamdogo, shikamoo."

"Marahaba, mama. Hicho unachosikiliza miaka yote ni nini?"

"Roki."

"Ya dini?"

"Ya dini, bamdogo."

Akacheka kwa pua. Akanyosha mkono. Nikampa iafoni moja, nikabaki na nyingine, nikarudisha mwanzo.

Alisikiliza kama fundi. Wimbo wa kwanza wote hakusema kitu, ila kidole kimoja kilikuwa kinatembea juu ya goti, nyuma kidogo ya mpigo, halafu sawa nao. Kwenye wa pili akasema mpiga dramu ana mguu mwepesi lakini ana adabu, anamngoja mwimbaji. Akaniuliza wanasema nini. Nikamfasiria pale nilipoweza. Nikamweleza habari ya ajali, ya yule wa kwanza aliyetoka na huyu aliyeingia.

"Yule wa kwanza yupo hai?"

"Yupo."

"Walimtaka atoe ushuhuda?"

"Sijui, bamdogo."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayemsikitikia jirani. Barnes alikuwa amefika pale anapopasua koo. Bamdogo akaibana iafoni kwa kiganja.

"Na huyu," akasema, "kanisani kwao wanamwacha amalize?"

"Wanamwacha. Nyimbo zote kumi."

Hakujibu. Tulisikiliza mpaka ile ya mwisho, na ilipoisha hakuivua iafoni mara moja. Alikaa nayo sikioni ikiwa haina kitu. Mama alitoka kuuliza kama tunakula au tunalala njaa. Mbu walikuwa wameshaanza.

"Yule kijana wako wa Makoroboi bado anajaza?" akaniuliza hatimaye.

"Siku hizi hawajazi, bamdogo. Watu wanapakua kwenye simu."

"Basi nipakulie." Akanirudishia iafoni, akaifuta kwanza kwenye shati. "Ila ile ya mapenzi uitoe."